Pesa ya Baiskeli Ianzie Kwenye Tairi

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na vilima vyake vikijumlishwa vilizidi mita 5,400 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na wengi walioanza naye hawakufika mwisho. Kwa Wanyarwanda haikuwa mara ya kwanza kuona msafara wa aina hiyo, maana Tour du Rwanda ina historia inayoanzia 1988, lakini safari hii dunia nzima ilikuja kupanda vilima vyao. Hamu ya namna hiyo huzaa waendeshaji. Nairobi, Arusha, Dar es Salaam, Kampala na Kigali kwenyewe, asubuhi za mwisho wa wiki utawaona walimu, wahasibu, madereva na wafanyabiashara walioamka alfajiri ili wamalize kilomita zao kabla magari hayajajaa barabarani. Hawalipwi na mtu. Baiskeli wamenunua wenyewe, wengi kwa kujinyima, na swali la kwanza wanaloulizana kuhusu baiskeli mpya ni lile lile: ina kilo ngapi, na fremu yake ni ya kaboni? Nadhani swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Mwendeshaji wa ridhaa, hasa wa barabara zetu, anafaidika zaidi akianza kuchagua kutoka pale baiskeli inapogusa lami na pale inapogusa mwili wake, yaani tairi, kiti, usukani na pedali. Gia na breki zifuate, na uzito wa fremu uwe jambo la mwisho kabisa.

Tuanze na huo uzito, kwa kuwa ndio unaouzwa kwa bei kubwa kuliko vyote. Bei ya baiskeli ya mbio, kwa kiasi kikubwa, ni bei ya gramu. Chukua mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 9, anayeweza kutoa nguvu ya wati 200 bila kupumzika, kiwango cha mtu aliyefanya mazoezi vizuri lakini si bingwa. Mpe kilima cha kilomita 10 chenye mwinuko wa asilimia 6. Ukipiga hesabu ya mvutano wa ardhi, msuguano wa tairi na ukinzani wa hewa, atapanda kwa kasi ya karibu kilomita 13 kwa saa, na atafika juu baada ya dakika 47 hivi. Sasa mpunguzie kilo nzima kwenye baiskeli. Atawahi kwa nusu dakika. Tofauti ya baiskeli nzuri ya alumini ya kilo 10 na ya kaboni ya kilo 7.5 ni kama dakika moja na robo katika kilima kirefu namna hiyo, na bei ya hiyo ya pili huwa mara kadhaa ya bei ya kwanza. Chupa mbili kubwa za maji peke yake zina kilo moja na nusu, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeziacha nyumbani akienda Magadi. Dakika moja si kitu cha kudharau kwa anayeshindania tuzo. Kwa mtu anayepanda ili afike juu akiwa mzima na arudi tena wiki ijayo, dakika hiyo ameinunua ghali mno.

Kwenye tambarare uzito unapungua umuhimu hata zaidi, na adui anakuwa hewa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi maradufu, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Mtu yule yule akienda kilomita 30 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zake inaishia kuipasua hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo haipigani na fremu, inapigana na kifua, mabega na kichwa chake. Ushahidi ulio wazi kabisa umo katika rekodi ya saa moja, mashindano ambayo mtu anazunguka uwanjani peke yake kwa dakika 60 na umbali wake unapimwa. Mwaka 1972, mjini Mexico, Eddy Merckx wa Ubelgiji aliweka rekodi ya kilomita 49.431. Mwaka 1993 Mskoti Graeme Obree alifikia kilomita 51.596 huko Hamar, Norway, juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe, yenye beringi alizozitoa kwenye mashine ya kufulia. Alichobuni kilikuwa namna ya kukaa: mikono ameikunja chini ya kifua ili hewa ikose mahali pa kushika. Chris Boardman wa Uingereza naye, mwaka 1996 mjini Manchester, akiwa amenyoosha mikono mbele kabisa, alifika kilomita 56.375. Baadaye chama cha kimataifa cha baiskeli kikapiga marufuku mikao hiyo na kutaka rekodi iwekwe juu ya baiskeli ya mtindo wa Merckx. Mwaka 2000 Boardman akajaribu tena, uwanja uleule, kwa mkao wa kizamani. Akapata kilomita 49.441. Ni kweli alikuwa ameongezeka umri miaka minne, kwa hiyo pengo lote tusilihesabu kuwa la mkao peke yake. Hata hivyo pengo la karibu kilomita 7 kwa mtu mmoja, katika mchezo ambao rekodi huvunjwa kwa mamia ya mita, linatosha kuonyesha ni wapi kasi inapatikana.

Simshauri mtu wa ridhaa aige mikao ya mabingwa hao. Ninachosema ni kwamba mwili wake ndio sehemu kubwa ya chombo anachokiendesha, na baiskeli inayomruhusu kukunja viwiko na kuinama kidogo kwa saa tatu bila maumivu itamfikisha mapema kuliko fremu ya kifahari inayomlazimu kusimamisha mgongo baada ya dakika 20. Kwa maneno mengine, kipimo cha baiskeli kinachoendana na mwili nacho ni kasi. Watu wengi hukiona kipimo kama jambo la starehe, kitu cha kufikiria ukishazeeka au ukishaumwa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Baiskeli za mitumba zinazoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam huchaguliwa kwa rangi na kwa jina lililoandikwa kwenye fremu, kama mtu anayenunua kiatu kizuri cha namba 44 huku mguu wake ni 41. Mwenye kimo cha sentimita 168 hujikuta juu ya fremu ya 58 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo siku hiyo. Atashusha kiti mpaka chini, atafupisha shina la usukani, na bado mikono itakuwa imenyooka kama anasukuma ukuta. Ganzi ya vidole, maumivu ya shingo na mgongo wa chini vitafuata, na atahitimisha kwamba mchezo huu haukuumbwa kwa ajili yake. Wanawake wanaumia zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa fremu nyingi zinazofika sokoni ni kubwa, na kiti kinachokuja nazo mara nyingi hakilingani na upana wa mifupa yao ya kukalia.

Kupima hakuhitaji mitambo. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na angalia kama mguu unanyooka bila nyonga kuinama upande. Ukinyooka hivyo, basi unapokanyaga kwa mbele ya wayo goti litabaki limekunjwa nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo misuli inafanya kazi vizuri bila goti kuteseka. Maumivu mbele ya goti mara nyingi yanasema kiti kiko chini mno. Maumivu nyuma yake yanasema kiko juu mno. Kiti chenyewe kilale sawa, kisiinamie mbele, la sivyo uzito wote utateremkia viganjani. Mtu akishaupata urefu wake, auandike kwa milimita, kuanzia katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti, maana baiskeli ikishafunguliwa kwa fundi hurudi na kiti kimewekwa popote. Kaptula yenye pedi nzuri inagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya fremu, na faida yake inaonekana kuanzia saa ya pili ya safari.

Sasa tuje kwenye tairi, ambapo imani za zamani zina nguvu kuliko mahali pengine popote. Kwa miaka mingi waendeshaji wa mbio waliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka liwe gumu kama jiwe ndilo lenye kasi: milimita 23, na psi 120 au zaidi. Imani hiyo haikutokea hewani. Maabara zilipima matairi kwa kuyazungusha juu ya pipa la chuma, na juu ya chuma laini kila ukiongeza upepo tairi linapungua kukunjika, na nguvu inayopotea ndani ya mpira inapungua. Tatizo ni kwamba hakuna anayeendesha juu ya pipa la chuma. Lami halisi ina vijiwe, viraka, mashimo na matuta, na tairi gumu likikutana navyo haliviinamii, linaruka. Kila linaporuka linanyanyua baiskeli na mtu aliye juu yake, na nguvu iliyokuwa imsogeze mbele inaishia kutikisa nyama na mifupa yake hadi kugeuka joto. Upo ukomo ambao ukiuvuka, kuongeza upepo kunapunguza kasi, na kwenye barabara mbovu ukomo huo uko chini sana kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtu wa kilo 75 aliye juu ya tairi la milimita 28, psi 70 hivi zinatosha. Akipanda hadi milimita 32 anaweza kushuka chini zaidi bila hofu. Zaidi ya hapo, matairi mawili yenye upana mmoja yanaweza kutofautiana sana kwa aina ya mpira na nyuzi zake. Kati ya jozi ya bei rahisi na jozi nzuri, tofauti ya wati 10 au 15 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni ya kawaida. Hakuna kilo ya kaboni inayokupa kiasi hicho kwenye tambarare, na hakuna sehemu nyingine ya baiskeli inayotoa faida hiyo kwa pesa hiyo.

Anayepinga atasema matairi mapana ni ya watalii, na wanaotafuta kasi hawayatumii. Jibu liko kwa wenye kasi wenyewe. Katika miaka 15 hivi iliyopita wanariadha wa kulipwa wametoka milimita 23, wakaenda 25, kisha 28 na kuendelea, na katika mbio za mawe za Paris–Roubaix milimita 30 na 32 zimekuwa jambo la kawaida. Kama watu wanaohesabu kila sekunde, wanaopita kwenye lami bora za Ulaya, wameona faida hiyo, sembuse mtu wa barabara ya Morogoro anayesukumwa pembeni na malori mpaka kwenye mchanga na vipande vya chupa? Pembezoni mwa barabara zetu kuu mna kitu kingine kinachotoboa matairi kuliko misumari: nyuzi nyembamba za chuma zinazobaki pale tairi la lori linapopasuka na kusagika. Hazionekani kwa macho, huingia taratibu, na pancha hutokea kilomita kadhaa mbele. Ukivuka kwenda maeneo makavu ya migunga, miiba inachukua nafasi yake. Tairi lenye kinga chini ya mpira, au lile lisilo na tyubu lenye maji ya kuziba ndani yake, linaongeza gramu chache na linaokoa asubuhi nzima.

Hapa inafaa kutaja jambo dogo ambalo huwaangusha wengi wanaotoka mjini. Duka la baiskeli la kijijini, kuanzia Busia ambako waendeshaji wa bodaboda walianza kubeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka, hadi Singida na Tabora, linauza tairi la 28 linaloingia kwenye baiskeli kubwa za mizigo, zile Wakenya wanazoziita Black Mamba. Namba hiyo inafanana na 28 ya baiskeli ya mbio kwa jina tu. Ringi ya baiskeli ya mizigo ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Ringi ya baiskeli ya mbio ina 622. Tofauti ya milimita 13 inatosha kulifanya tairi likatae kukaa. Vipimo hivyo vimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa hiyo kabla ya kununua soma 622 na uache maneno mengine yote. Na valvu nyembamba ya baiskeli ya mbio haiingii kwenye mpira wa pampu ya kituo cha mafuta bila kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, ambacho kinakaa mfukoni bila kusumbua. Tyubu mbili, viraka na pampu ndogo ni mzigo wa lazima hata kwa aliyekwisha kulipia gramu kwa bei kubwa.

Kuhusu gia, kinachowaponza watu ni fahari. Tour de France ilipoanzishwa mwaka 1903, mwasisi wake Henri Desgrange aliamini kwamba gia za kubadilisha humfanya mtu kuwa dhaifu, na mbio hizo hazikuziruhusu kwa washindani wote hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo walioshindana walikuwa wakifika chini ya mlima wanashuka kwenye baiskeli, wanafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie meno ya upande wa pili. Aibu hiyo ya kutumia gia nyepesi haijafa. Bado kuna waendeshaji wa ridhaa wanaotafuta baiskeli ya zamani yenye meno 53 na 39 mbele na 25 nyuma, kwa kuwa ndivyo mabingwa wa enzi zao walivyokuwa. Turudi kwa mtu wetu wa wati 200 na tumpe kilima cha asilimia 8. Atapanda kwa kilomita 10 kwa saa, kwa kuwa nguvu zake haziruhusu zaidi. Akiwa na 39 mbele na 25 nyuma, kasi hiyo inamlazimu kukanyaga mizunguko kama 50 tu kwa dakika, kila mkanyago mzito kama anapanda ngazi na gunia. Akiwa na 34 mbele na 34 nyuma atakanyaga karibu mizunguko 80 kwa dakika, kwa kasi ileile, huku kila mkanyago ukihitaji karibu theluthi mbili tu ya nguvu ile. Mlima umebaki ule ule na muda ni ule ule. Kilichobadilika ni hali ya magoti yake atakapofika juu, na kama ataweza kuendelea. Barabara ya Magadi inashuka kutoka vilima vya Ngong, mahali penye baridi karibu mita 2,000 juu ya bahari, hadi ziwani kwenye joto, mita 600 hivi. Kila mita uliyoteremka asubuhi utaidaiwa jua likiwa utosini. Mwenye gia nyepesi ataipanda. Mwenye fremu nyepesi na gia nzito atatafuta pikipiki ya kumrudisha.

Lakini mabingwa wanatumia kaboni, na wao ndio wanaojua. Hoja hii nimeisikia kwa watu wenye busara na inastahili jibu la haki. Ni kweli wanatumia. Ila wao wanapigania tofauti zinazoonekana baada ya kila kitu kingine kuwa kimeshakamilika: wamepimwa mwili na wataalamu, wana matairi mapya kila mara, gari la timu linawafuata na magurudumu ya akiba, na fundi anasafisha cheni kila jioni. Isitoshe, chama cha kimataifa kimeweka kikomo cha kilo 6.8 tangu mwaka 2000, na baiskeli nyingi za mbio zenye maumbo ya kupasua hewa zinazidi kikomo hicho kwa hiari ya wanaozitumia, kwa sababu hesabu zao zimewaonyesha kwamba hewa inagharimu zaidi kuliko gramu. Ukitaka kuwaiga, waige kwa utaratibu wanaoufuata, ambapo fremu nyepesi inakuja juu ya msingi uliokwisha kujengwa. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuishinda Tour de France mara nne, alianza kujifunza akiwa kijana kwa David Kinjah huko Kikuyu, mahali ambapo baiskeli zilitunzwa na kukarabatiwa kwa vilivyopo. Kilichojengwa pale kilikuwa namna ya kuendesha.

Upo upinzani mwingine, na huu ninauheshimu zaidi: baiskeli nzuri inatamanisha, na kinachotamanisha kinatolewa nje. Mtu aliyemwona Biniam Girmay wa Eritrea akishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani ana haki ya kuota juu ya baiskeli inayofanana na yake, na kama ndoto hiyo inamwamsha saa kumi na moja alfajiri, imelipa. Sina ugomvi na uzuri. Nauliza tu mpangilio. Fremu ya alumini iliyotengenezwa vizuri, yenye kipimo chake, ikavalishwa matairi bora na gia zinazofaa, nayo inatamanisha ukishaisikia chini yako kwenye lami mbovu. Mwenye pesa za kutosha kwa vyote viwili avinunue. Ninaowafikiria hapa ni wale wanaokopa SACCOS ili wapate kaboni, kisha wanabaki mwaka mzima na matairi yaliyochakaa kwa kuwa mfuko umekauka.

Wengine hutaja chuma, kwamba fremu ya chuma inaungika popote kwenye karakana ya jua kali. Hilo ni kweli kwa baiskeli ya mizigo, yenye mabomba mazito. Mabomba ya fremu nzuri ya mbio ya chuma yana kuta nyembamba, katikati wakati mwingine nusu milimita tu, na mashine ya kuchomelea mageti itayatoboa kabla fundi hajatahamaki. Kaboni nayo ina siri yake: pigo linaweza kuivunja kwa ndani huku rangi ya nje ikibaki nzuri, kwa hiyo fremu ya kaboni ya mtumba isiyo na historia inayojulikana ni kamari. Alumini iliyopinda haifai kunyooshwa, lakini angalau ufa wake kwa kawaida huonekana. Ukinunua mtumba, pitisha kidole na jicho chini ya bomba la chini, mahali bomba la kiti linapokutana na mhimili wa pedali, na nyuma ya kichwa cha usukani.

Breki zina ubishi wa siku hizi, wa diski dhidi ya zile zinazokamata ringi. Diski za mafuta ni bora kwenye mvua na kwenye mteremko mrefu kama ule wa kutoka Lushoto hadi Mombo; vidole havichoki na nguvu yake haibadiliki maji yakimwagika. Kwa anayeishi jirani na fundi mwenye vifaa vyake, ningechagua diski. Aliye mbali nisingemsukuma. Viatu vya breki za ringi vinapatikana karibu kila mahali na mtu anaweza kuvibadilisha mwenyewe, wakati diski iliyoingia hewa kwenye mafuta yake inaweza kumweka nyumbani mwezi mzima. Kitu kimoja ningekikataza moja kwa moja: magurudumu mepesi yenye ringi za kaboni yanayotumia breki za ringi, kwa mtu anayeshuka milima mirefu. Joto la kukamata breki kwa muda mrefu linaweza kuilainisha ringi hiyo na kuiharibu mteremko ukiendelea.

Cheni nayo haina wa kuisemea, ingawa nguvu zote za miguu zinapita humo. Mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo mafundi wengi huyapaka kwa nia njema, hukamata vumbi na kuwa tope la kusagia chuma. Cheni isafishwe, ikauke, ipakwe tone moja moja la mafuta yake kwenye kila pingili, kisha ya nje yafutwe yote. Cheni mpya ina milimita 304.8 kwa pingili 24. Ipime kwa rula ya chuma. Ikikaribia 307 ibadilishe, na zile nyembamba za gia 11 au 12 zibadilishwe mapema zaidi, 306 na kitu. Anayechelewa atanunua na meno ya nyuma pia, ambayo kwa gia 12 ni ghali mara kadhaa ya cheni. Hiyo ni sababu mojawapo inayonifanya nisione haya kupendekeza gia 9 au 10 kwa mtu wa Mwanza au Kisumu: cheni zake zinapatikana na zinavumilia.

Maduka hayataanza kuuza kwa mpangilio huu yenyewe. Kilo zinaonekana kwenye mizani mbele ya mteja, jina linaonekana kwenye fremu, lakini tairi zuri halina mvuto kwenye rafu na kipimo cha kiti hakina lebo ya bei. Wanaoweza kubadilisha hali hiyo ni vikundi vya waendeshaji wenyewe, maana ndivyo vinavyompokea mgeni kabla hajanunua. Kikundi chenye watu 20 kinaweza kuchanga rula ya chuma, kipimo cha upepo kinachosema kweli, na fremu mbili tatu za ukubwa tofauti za kumkalisha mgeni kabla hajaenda sokoni. Kinaweza kuagiza matairi ya 622 kwa pamoja na kuyagawana kwa bei ya jumla. Na kinaweza kumfundisha mgeni kukaa salama nyuma ya gurudumu la mwenzake, ambako ukinzani wa hewa unampungukia kwa robo au zaidi, faida ambayo hataipata kwa fremu yoyote iliyopo sokoni mwaka huu.